Uzito upi? Madai ya hataza za polima na namba zisizosema zilivyopimwa

Dawa ya Copaxone, inayotumiwa na wagonjwa wa multipo sklerosisi (ugonjwa wa mfumo wa neva), si kemikali yenye molekuli ya aina moja kama aspirini. Kiini chake, glatirama, ni polima: minyororo ya asidi amino nne (asidi glutamiki, alanini, tirosini na laisini) iliyoungana bila mpangilio maalumu, mingine mirefu, mingine mifupi. Utafiti wake ulianzia Taasisi ya Weizmann nchini Israeli, Marekani ikaiidhinisha mwaka 1996, na kampuni ya Teva ikaja kuiuza kwa mabilioni ya dola kwa mwaka. Moja ya hataza zilizoilinda (hataza ni haki ya kisheria ya mvumbuzi, na mipaka yake huandikwa katika sentensi ziitwazo madai) ilidai njia ya kuitengeneza polima hiyo hadi ifikie uzito wa molekuli wa takriban kilodaltoni 5 hadi 9. Dai liliishia hapo. Halikusema uzito upi.

Kwa kemikali ya kawaida swali hilo halipo. Molekuli ya aspirini ina fomula yake, na anayedai dutu kwa fomula ameshasema anachodai. Chupa ya polima ina minyororo isiyohesabika, isiyolingana urefu, kwa hiyo namba yoyote inayoitwa uzito wake ni wastani, na wastani hukokotolewa kwa njia zaidi ya moja. Kuna wastani wa idadi: unajumlisha uzito wa minyororo yote, unagawanya kwa idadi yake. Kuna wastani wa uzito, ambao hesabu yake huipa minyororo mizito nguvu zaidi. Na kuna uzito wa kilele, ule unaosomwa pale mchoro wa kromatografia, njia ya maabara ya kutenganisha molekuli kwa ukubwa, unapofika juu kabisa.

Chukua sampuli ndogo ya kubuni yenye minyororo 11: 6 ina kilodaltoni 4 kila mmoja, 4 ina kilodaltoni 8, na 1 una kilodaltoni 20. Jumla ni kilodaltoni 76. Wastani wa idadi ni 76 kugawanya kwa 11, yaani takriban 6.9. Kilele kinaangukia 8, kwa sababu minyororo ya kilodaltoni 8 ndiyo iliyobeba sehemu kubwa zaidi ya uzito wote, 32 kati ya 76. Wastani wa uzito unakuja karibu 9.9. Sampuli ni ileile. Kwa hesabu mbili imo ndani ya dai la "5 hadi 9", kwa hesabu ya tatu iko nje. Mtengenezaji wa dawa jeneriki anayelisoma dai hilo hawezi kujua kama anakiuka hataza au hakiuki, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo dai lilipaswa kumweleza.

Sandoz, iliyotaka kuleta dawa jeneriki ya Copaxone, ilishtakiwa na ikajibu kwamba madai hayako bayana, kwa hiyo ni batili. Jaji wa shirikisho mjini New York alikataa hoja hiyo. Alimwamini shahidi mtaalamu wa Teva, aliyesema kwamba mkemia akisoma maelezo ya kromatografia ndani ya hataza ataelewa kuwa kinachozungumziwa ni uzito wa kilele, maana huo ndio unaosomwa moja kwa moja kwenye mchoro bila hesabu nyingine. Kikwazo kilikuwa mchoro wenyewe. Vilele katika mchoro wa kwanza wa hataza havikukaa sawasawa na namba zilizoandikwa pembeni yake, ikiwemo ile ya kilodaltoni 7.7. Mtaalamu akaeleza kwamba data zinapohamishwa kutoka grafu ya aina moja kwenda nyingine, kilele husogea kidogo. Jaji akaridhika.

Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, inayosikiliza rufaa za hataza, haikuridhika. Iliyabatilisha madai hayo. Shauri likapanda Mahakama ya Juu, na tarehe 20 Januari 2015 majaji 7 dhidi ya 2 walisema kwamba mahakama ya rufaa haina ruhusa ya kuupima upya ushahidi wa kisayansi kana kwamba kesi ndiyo inaanza. Ni lazima iyaheshimu matokeo ya jaji aliyewasikia mashahidi, isipokuwa pale alipokosea waziwazi. Shauri likarudishwa. Juni 2015 mahakama ya rufaa iliupokea ushahidi ule kuhusu vilele kusogea, kisha ikasema tena kwamba madai ni batili. Sababu iliyobeba uzito ilikuwa ndani ya mafaili ya ofisi ya hataza. Katika ombi moja la baadaye la familia hiyohiyo ya hataza, mtahini alipouliza ni uzito upi, waombaji walimjibu kwamba mtaalamu angeelewa kuwa ni wastani wa uzito. Katika ombi jingine, kwa swali hilohilo, walijibu kuwa ni uzito wa kilele.

Hapo ndipo ninaposimama upande wa mahakama ya rufaa bila kusitasita. Hoja nzima ya Teva ilikuwa kwamba mtaalamu yeyote angejua. Mwenye hataza mwenyewe, akiwa na wakemia na mawakala waliobobea, alitoa majibu mawili tofauti kwa serikali ileile. Kama waliomiliki uvumbuzi hawakukubaliana na maelezo yao wenyewe, mtu wa nje aliyeshika karatasi ya hataza peke yake angekubaliana na lipi?

Dai la hataza ni kama vigingi vya shamba: jirani asipoweza kuviona, atalima kwa hofu au hatalima kabisa. Na anayenufaika na hofu hiyo ni mwenye hataza, anayepata eneo kubwa kuliko alilolivumbua bila kuliomba. Kwa dawa, hofu hiyo ina bei inayolipwa na mgonjwa. Dawa ya Sandoz iliingia sokoni Marekani katikati ya 2015, miezi michache tu kabla ya hataza ile kufikia mwisho wake wa kawaida. Miaka ya mabishano juu ya neno ambalo lingeweza kuandikwa siku ya kwanza ilikuwa imekwisha kupita.

Kesi ya Teva inajulikana kwa sababu ilifika mahakama ya juu kabisa, lakini iliyo nzito zaidi kwa wanaoshughulika na plastiki ni ya Dow dhidi ya Nova Chemicals. Dow ilikuwa na hataza mbili za Marekani juu ya polietilini za kutengenezea nailoni nyembamba lakini imara. Madai yalitaka polima iwe na kigezo kinachotokana na mteremko wa kukakamaa, kisichopungua 1.3. Unaponyoosha kipande cha plastiki hiyo kwenye mashine, mwanzoni kinalegea na kurefuka kwa urahisi, kisha minyororo inapojipanga kinaanza kukakamaa, na grafu inapanda. Kiasi inachopanda ndio huo mteremko. Ila grafu halisi haipandi kwa mstari ulionyooka. Upime wapi? Palikuwa na njia tatu zinazojulikana za kuuchukua mteremko huo, na mtaalamu wa Dow alitumia ya nne, yake mwenyewe. Njia hizo hazitoi jibu moja. Hataza haikusema itumike ipi, wala haikusema upimwe wapi kwenye mkunjo.

La kuzingatia zaidi ni historia ya madai hayo. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa iliyasoma na kuyaona yako sawa. Kipimo cha wakati ule kilikuwa chepesi mno kwa mwenye hataza: dai liliangushwa tu kama utata wake haukuweza kutatuliwa kwa namna yoyote ile. Juni 2014, katika kesi ya Nautilus iliyohusu vifaa vya kupima mapigo ya moyo kwenye mashine za mazoezi, Mahakama ya Juu ilikitupa kipimo hicho na kudai dai limweleze mtaalamu mipaka yake kwa uhakika wa kuridhisha. Agosti 2015 madai yaleyale ya Dow yakasomwa upya kwa kipimo kipya na yakaanguka, pamoja na fidia ya nyongeza ya takriban dola milioni 30. Hakuna herufi iliyobadilika ndani ya hataza. Kilichobadilika ni nani anabeba mzigo wa utata: zamani ulikuwa juu ya umma, sasa ukawa juu ya aliyeandika.

Kule Canada, Nova ilishindwa. Mahakama za huko ziliiona hataza ya Dow ya Canada, ya polima za jamii hiyohiyo, kuwa halali, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Canada iliithibitisha amri ya kulipa takriban dola milioni 645 za nchi hiyo. Wapo wanaoutumia mfano huu kusema kwamba uwazi ni bahati nasibu, unategemea umeshtakiwa upande gani wa mpaka. Mimi nauona kinyume. Kampuni yenye namba isiyofungwa kwenye njia ya kipimo inaweka mamia ya mamilioni mikononi mwa desturi ya kila mahakama. Yenye namba iliyofungwa vizuri ina hoja ileile mahali pote.

Na namba za polima zinazohitaji kufungwa hivyo ni nyingi. Kiwango cha kutiririka kwa plastiki iliyoyeyuka hakina maana mpaka useme joto na uzito unaosukuma: polietilini kwa kawaida hupimwa kwa nyuzi 190 za selsiasi na kilo 2.16, polipropilini kwa nyuzi 230. Joto ambalo polima ngumu kama kioo huanza kulainika husogea kulingana na kasi ya kupasha moto sampuli. Mnato wa ndani hutegemea kiyeyushi. Hata mtu anayeandika kwa uangalifu "wastani wa uzito kwa kromatografia" hajamaliza, kwa sababu mashine nyingi husawazishwa kwa polistirini, na namba inayotoka ni ya polistirini yenye ukubwa unaolingana, ambayo inaweza kuwa mbali na uzito halisi wa polietilini au poliesta iliyo kwenye safuwima ya mashine. Sayansi ya kipimo yenyewe haina siri. Maabara yoyote ya viwandani inaijua. Kinachokosekana ni sentensi moja ndani ya dai.

Utata unakuwa mbaya zaidi unapoingia kwenye madai tegemezi, na hili halizungumzwi vya kutosha. Hataza huwa na dai huru, ambalo ni pana, likifuatiwa na madai yanayolitegemea: "polima ya dai la 1, ambapo...". Kazi ya dai tegemezi ni kubana. Linabeba kila kitu kilichomo katika dai ambalo lenyewe linalitegemea, kisha linaongeza sharti. Mwandishi mzuri huyatumia kama akiba, ili dai pana likianguka mahakamani, jembamba libaki limesimama. Kwa polima ndiyo nafasi ya kuandika vipimo, viungo na viwango mahususi. Kimantiki hapo ndipo uwazi ungepaswa kuongezeka kila hatua.

Tazama kilichotokea katika kesi ya Multilayer Stretch Cling Film dhidi ya Berry Plastics, iliyoamuliwa Agosti 2016. Hataza ilihusu nailoni ya kunata ya kufungia mizigo, yenye tabaka 7. Dai la 1 lilitaka kila moja ya tabaka 5 za ndani ichaguliwe katika kundi la resini nne: polietilini laini-mstari ya densiti ndogo, ile ya densiti ndogo sana, ile ya densiti ndogo kupindukia, na ile laini-mstari inayotengenezwa kwa kichocheo cha metalosini. Kundi hilo liliandikwa kwa lugha ambayo sheria ya hataza huichukulia kuwa imefungwa: kilichotajwa kimo, kisichotajwa hakimo. Kisha dai la 10, linalotegemea la 1, likasema angalau tabaka moja ya ndani iwe na polietilini ya kawaida ya densiti ndogo.

Kwa msomaji wa haraka majina hayo yanafanana, kwa hiyo inafaa kusimama kidogo. Polietilini ya kawaida ya densiti ndogo hutengenezwa kwa shinikizo kubwa mno, kwa radikali huru, na minyororo yake huota matawi marefu. Polietilini laini-mstari hutengenezwa kwa kichocheo, ethilini ikichanganywa na alfa-olefini nyingine, na matawi yake ni mafupi. Ni vitu viwili, vyenye tabia tofauti kwenye mashine ya kupuliza au kumimina nailoni. Ile ya kawaida haikuwa katika kundi la nne. Basi dai la 10 lilitaka kitu ambacho dai la 1 lilikuwa limekifungia nje. Mwenye hataza alijaribu kulitumia dai la 10 kama ushahidi kwamba kundi la dai la 1 lilikuwa wazi kwa resini nyingine. Mahakama ilikataa: dai tegemezi halina uwezo wa kupanua lile ambalo lenyewe linalitegemea, na kwa kuwa la 10 halikubana chochote, ni batili. Hata hivyo mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba michanganyiko ya zile resini nne kati yao ilikuwa ndani ya dai, jambo ambalo mahakama ya kwanza ililikataa. Kwa hiyo mwandishi wa hataza aliacha maswali mawili makubwa, resini nyingine na michanganyiko, yajibiwe na majaji miaka mingi baadaye, ilhali yeye alikuwa na maabara na kalamu.

Kosa la namna hiyo haliwapati wadogo tu. Pfizer ilipoteza kwa muda dai lililolinda Lipitor, mojawapo ya dawa zilizouzwa zaidi duniani, kwa sababu dai la 6 la hataza yake lilitaka chumvi ya kalsiamu huku likitegemea dai lililokuwa limebanwa hadi asidi peke yake. Chumvi haimo ndani ya asidi. Uamuzi ulitoka Agosti 2006, na kampuni ikalazimika kuomba hataza itolewe upya ikiwa na dai lililosahihishwa.

Katika polima mtego huu unajificha hata kwenye asilimia. Dai linasema mchanganyiko una sehemu A asilimia 40 hadi 60, B asilimia 40 hadi 60, na C asilimia 10 hadi 30, na si kitu kingine. Inaonekana safi. Ila A ikiwa 60, B haiwezi kushuka chini ya 40, na C haina mahali pa kukaa. Sehemu ya masafa yaliyodaiwa haiwezi kuwepo duniani. Kisha linakuja dai tegemezi linalosema "mchanganyiko wa dai la 1, ambapo A ni asilimia 55 hadi 60", na sasa dai zima limekaa kwenye eneo lisilowezekana. Mtego mwingine ni dai la 1 linalotaja kopolima ya ethilini na hekseni, likifuatwa na dai la 5 linaloanza na "kichocheo hicho", wakati hakuna kichocheo kilichotajwa popote kabla yake.

Ulaya nayo ina tatizo lake, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Mkataba wa Hataza wa Ulaya, katika ibara ya 84, unataka madai yawe bayana, mafupi na yenye kuungwa mkono na maelezo. Mtahini anaweza kukataa ombi kwa sababu hiyo. Lakini hataza ikishatolewa, washindani wana miezi 9 ya kuipinga, na ukosefu wa uwazi haumo katika orodha ya sababu wanazoruhusiwa kuzitumia. Haumo pia katika sababu za kuifuta hataza ya Ulaya mbele ya mahakama za nchi. Wakati wa kupinga, mwenye hataza aliyebanwa hufanya kile kinachotarajiwa: huchukua sharti la dai tegemezi na kulihamishia kwenye dai la 1. Je, sharti hilo linaweza kuhojiwa uwazi wake hapo? Tarehe 24 Machi 2015, katika uamuzi unaoitwa G 3/14, Bodi Kuu ya Rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilijibu kwamba uwazi wa madai yaliyorekebishwa unakaguliwa pale tu, na kwa kiasi kile tu, ambacho marekebisho yenyewe ndiyo yameleta utata. Kama utata ulikuwa tayari umelala ndani ya dai tegemezi lililopitishwa, unapita nao.

Naelewa sababu za kisheria za uamuzi ule. Mkataba uliandikwa hivyo na bodi haikuwa na kazi ya kuuandika upya. Ila angalia maana yake kwa polima. Dai la 1 linasema polima fulani, bila namba. Dai la 7, tegemezi, linasema "yenye uzito wa molekuli wa 5,000 hadi 9,000". Mtahini, akiwa na muda mchache, huelekeza macho kwenye dai la 1, kwa kuwa hilo ndilo linaloamua upya wa uvumbuzi. Dai la 7 linapita. Miaka mitatu baadaye dai la 1 linapigwa na hati ya zamani inayoonyesha kwamba kitu hicho kilikuwa tayari kinajulikana, mwenye hataza anaingiza la 7 ndani yake, na sasa namba isiyo na kipimo ndiyo pekee inayotenganisha uvumbuzi na kila kilichotangulia. Hapo hakuna anayeruhusiwa kuuliza: uzito upi? Mpinzani anabaki kuzunguka, akijaribu kuonyesha kwamba maelezo hayatoshi kumwezesha mtaalamu kuutekeleza uvumbuzi, au kulisoma dai kwa upana wake wote ili hati za zamani ziliguse.

Ongeza na idadi. Chini ya desturi ya Ulaya dai tegemezi linaweza kuandikwa "kwa mujibu wa dai lolote lililotangulia". Dai moja huru na madai tegemezi 10 ya namna hiyo yanazaa michanganyiko 1,024. Hakuna mtahini anayeisoma yote. Marekani hairuhusu dai linalotegemea madai mengi kutegemea jingine la aina hiyo, na Japani imelizuia tangu Aprili 2022. Ulaya hutoza ada ya ziada kuanzia dai la 16, jambo linalowafanya waandishi waweke masharti mengi ndani ya madai machache, yaani mambo yanasongamana zaidi.

Wenye viwanda hujibu kwamba ukali huu unamwadhibu mvumbuzi wa kweli. Polima kwa asili yake ni takwimu, wanasema, na ukimlazimisha mtu kufunga kila namba kwa kiyeyushi, joto, kasi na chapa ya kifaa, mshindani atabadilisha jambo dogo na kutoka nje ya dai huku akiiba wazo zima. Hoja hii ina ukweli na siipuuzi. Lakini inachanganya vitu viwili. Kusema njia ya kipimo hakubani polima. Polima ina namba moja tu kwa njia hiyo, popote ilipotengenezwa na kwa mashine yoyote. Mshindani hawezi kuikimbia kwa kutumia kifaa kingine kiwandani kwake, kwa kuwa mahakama itaipima bidhaa yake kwa njia iliyotajwa kwenye dai. Kinachobana ni upana wa masafa, na huo mvumbuzi yuko huru kuuomba kadiri data zake zinavyoruhusu. Anayetaka masafa mapana aoneshe mifano mipana.

Kwetu jambo hili halipo mbali. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo katika Itifaki ya Harare ya 1982, ambayo kwayo ARIPO, shirika la kikanda la hataza lenye makao yake Harare, hupokea ombi moja, hulichunguza, na hataza ikitolewa hufanya kazi katika kila nchi iliyotajwa ambayo haikuleta pingamizi ndani ya miezi 6. Dai lenye utata likipita Harare, limepita katika nchi nyingi kwa mkupuo, nyingi zikiwa hazina wakemia wa kutosha wa kulibishania mahakamani. Arusha kiwanda cha A to Z kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical, ambapo dawa ya permethrini imewekwa ndani ya nyuzi zenyewe za polietilini na hujitokeza juu pole pole. Katika bidhaa ya namna hiyo kila kitu kinategemea polima: densiti, kutiririka, kasi ya dawa kupenya kuja juu. Mhandisi anayetaka kubuni uzi wake tofauti ni lazima asome madai ya wengine kwanza, na kama namba ndani yake hazisemi zilipimwaje, atamlipa wakili kwa jibu ambalo wakili naye hana.

Upande wa pili ni watafiti wetu wanaoomba hataza. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, kazi juu ya vifungashio vya wanga na polima zinazooza imepata sababu ya kibiashara. Wanga ni polima ngumu kuliko nyingi kuipima: una amilosi na amilopektini, uwiano wao hutofautiana kwa mmea na hata kwa aina ya mmea, na amilopektini ni kubwa kiasi cha kusumbua safuwima za kromatografia. Mtafiti akiandika "wanga wenye uzito wa molekuli wa" kiasi fulani, amerudia kosa la Teva katika mazingira magumu zaidi, na bila fedha za Teva.

Ningependa ofisi zetu zimuulize mwombaji maswali haya kabla ya hataza kutoka, kwa kila namba, na kwa kila dai, la tegemezi sawasawa na la huru. Ni wastani upi? Kwa njia ipi, kiyeyushi kipi, joto lipi, na mashine ilisawazishwa kwa nini? Kama kiwango cha kimataifa kimetajwa, ni cha mwaka gani, maana viwango hurekebishwa? Na kwa dai tegemezi: kila kilichomo humu kiko ndani ya dai ambalo lenyewe linalitegemea, au kuna kitu kimeingizwa kilichokwisha kufungiwa nje? Mwombaji mwenye majibu atayaandika siku hiyohiyo. Kwa yule asiye nayo, kazi iliyobaki ni ya maabara: apime sampuli moja kwa njia mbili kabla ya kuwasilisha ombi, na aiweke ndani ya maelezo tofauti atakayoiona.